Keki oka mwenyewe, chokoleti ya kipande nunua

Mhariri, salaam.

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kati ya vitu vya kuokwa na vitamu vya chokoleti, kipi kinafaa kutengenezwa na mpishi wa nyumbani, na kipi afadhali akinunue dukani? Mume wangu, ambaye angenunua hata chai iliyokwisha kutiwa sukari kama ingeuzwa hapa mtaani kwetu Tororo, mashariki ya Uganda, anasema vyote vinunuliwe. Lakini gazeti halikumuuliza yeye.

Kwa kifupi: keki oka. Mkate wa kila siku nunua. Chokoleti ya kipande nunua pia, uile kama ilivyo. Vitamu vya chokoleti tengeneza, ila kwa unga wa kakao, usihangaike kuyeyusha vipande.

Nianze na kinachowatisha wengi, yaani oveni. Wengi wetu hatuna, na hata aliye nayo umeme unaweza kumkatikia keki ikiwa nusu. Sigiri inatosha kabisa. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa. Mwaga ndani mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu vya kuinua bati la keki, funika, uache ipate moto vizuri kabla hujaweka chochote. Makaa yawe machache chini na mengi juu ya mfuniko. Hapo ndipo watu wanapokosea: moto wote unawekwa chini, keki inaungua kitako huku juu ikibaki mbichi na haina rangi. Mchanga ukishashika joto hulitoa polepole kwa muda mrefu, kwa hiyo chini hakuhitaji moto mkali. Wa juu ndio unaoipa keki rangi.

Kupima joto bila kipimo, nyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye kifuniko cha kopo ukiweke ndani ya sufuria. Ukigeuka rangi ya hudhurungi taratibu, ndani ya dakika chache, moto ni wa keki. Ukiwa mweusi mara moja, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ngoja. Na unapotaka kuchungulia, inua mfuniko wima juu, usiuinamishe hata kidogo, la sivyo majivu yote yanaishia kwenye keki. Usichungulie kabla ya nusu saa. Kuhakikisha kama imeiva, njiti safi ya ufagio ikichomekwa katikati itoke kavu.

Kazi hii ni ya uani au barazani. Sigiri ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu kwa hewa yake, usiku wa baridi usikushawishi.

Jambo la pili ambalo mapishi ya mtandaoni hayasemi ni mwinuko. Mapishi mengi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, nasi Tororo hatuko mbali na hapo, na Kabale inafika karibu mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya bekingi poda hutanuka zaidi: keki inapanda kwa haraka, kisha inabonyea katikati kabla haijashika. Hapa kwetu mimi hupunguza bekingi poda kidogo tu, kama robo ya kijiko. Aliye Kabale apunguze zaidi, apunguze na sukari kidogo, aongeze maziwa kijiko kimoja au viwili. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi hapa badala ya 100, na hilo lina maana yake tukifika kwenye kashata.

Sasa kakao yenyewe. Kwanza soma kopo. Kinywaji cha chokoleti cha kuchanganya na maziwa si kakao. Sehemu kubwa yake ni sukari, na ukikitia kwenye keki utapata keki tamu yenye rangi ya udongo na ladha ya kukisia. Unachotaka ni unga wa kakao mtupu, usiotiwa sukari, mchungu. Nao uko wa aina mbili. Kuna wa asili, wenye rangi ya kahawia nyepesi na uchachu kidogo. Kuna uliotiwa magadi kiwandani, njia iliyoanzia Uholanzi karne ya 19, wenye rangi nzito karibu na nyeusi na ladha laini. Tofauti hii si ya urembo. Wa asili una asidi, kwa hiyo ukikutana na magadi soda mchanganyiko unatoa povu na keki inapanda. Wa Kiholanzi hauna asidi hiyo, na ukitegemea magadi soda peke yake keki itakaa chini na kunuka sabuni. Huo utake bekingi poda. Kama kopo halisemi wazi, tazama orodha ya viungo: ukiona neno alkali au namba E501, ni wa Kiholanzi.

Jambo la tatu ni dogo, lakini nikiliruka nasikia nimewadhulumu. Usimwage kakao kavu kwenye unga ukakoroga. Iweke kwenye bakuli, mimina kahawa ya moto juu yake, koroga iwe uji mzito, uiache ipoe. Maji ya moto huifungua kakao harufu yake, na kahawa huipa uzito bila keki kugeuka keki ya kahawa. Sisi wa mashariki hatuna sababu ya kutafuta mbali: Mlima Elgon uko pale, na kahawa ya Bugisu inauzwa Mbale kwa kila mfuko.

Keki ninayoipika mara nyingi ni ya bogoya, zile ndizi tamu za kuliwa mbivu. Bogoya zilizopita kiasi, zenye ganda jeusi, ambazo mama wa sokoni anakupa kwa bei ya kuondoa tu. Ponda tatu. Piga mayai mawili na robo tatu ya kikombe cha sukari na mafuta ya kupikia yasiyofika nusu kikombe, changanya na bogoya. Nusu kikombe cha kakao ya asili uwe umeshaikoroga kwa nusu kikombe cha kahawa ya moto, ukaiacha ipoe, uitie humo. Chekecha juu yake unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, kijiko kimoja cha chai cha magadi soda na chumvi kidogo. Hapa hatutumii bekingi poda kwa sababu bogoya na kakao zina asidi ya kutosha. Changanya mpaka unga usionekane tena, ukome hapo hapo. Ukizidi kukoroga keki inakuwa ngumu kama chapati ya jana. Bati lipakwe mafuta, na kwa moto wa mchanga huchukua dakika 45 hadi saa moja.

Vanila? Inalimwa hapa hapa, Mukono na Kayunga na hata Bundibugyo, na Uganda ni miongoni mwa nchi zinazouza vanila kwa wingi duniani, lakini jikoni kwetu tunatumia chupa ndogo ya dawa ya kiwandani yenye harufu ya vanila na jina lake tu. Ganda moja zuri likipasuliwa katikati na kuzikwa kwenye kopo la sukari linafanya kazi kwa miezi. Wengine huliloweka kwenye waragi. Nyumbani kwetu hatutumii pombe, na sukari haijaniangusha.

Basi kwa nini nasema chokoleti ya kipande inunuliwe? Kwa sababu ya joto na ya mashine. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana inayeyuka mdomoni. Ukiyeyusha kipande kwenye sufuria kisha ukakiacha kipoe hivi hivi, hakirudi kilivyokuwa: kinakuwa laini, kinashika vidole, na baada ya siku chache kinatoa ukungu mweupe juu. Si uchafu, ni mafuta yake yaliyoganda vibaya. Wenye ujuzi huipandisha chokoleti nyeusi mpaka nyuzi 45 au 50, huishusha mpaka 27 au 28, kisha huirudisha 31 au 32, kwa kipimajoto, tena kwenye chumba cha baridi. Mchana wa Januari wa Tororo, na friji inayozimika umeme ukiondoka? Mimi simo. Isitoshe, tone moja la maji au mvuke wa sufuria ya chini likiingia ndani, chokoleti yote inajikunja na kuwa donge la mchanga. Ikikutokea, usiitupe: ongeza maziwa ya moto kijiko kwa kijiko ukikoroga kwa nguvu, itageuka sosi ya kumwagia keki.

Wengine watasema tuagize mbegu za kakao Bundibugyo, tuzisage wenyewe. Nawaelewa. Inauma kuona kakao inatoka huko bonde la Semuliki kwenye magunia, halafu tunanunua kipande kutoka ng'ambo chenye mafuta ya mawese mahali pa siagi ya kakao. Lakini kazi ya kuifikisha mbegu kuwa chokoleti laini ni ndefu: ichachushwe siku tano hadi saba, ikaushwe juani, ikaangwe, ipepetwe maganda, isagwe kwa mawe ya mashine kwa saa nyingi, hata siku nzima na zaidi, mpaka ulimi usihisi chembe. Kinu cha nyumbani hakifiki huko. Mbegu zilizokaangwa na kutwangwa zinafaa sana kwa kinywaji cha moto cha maziwa na tangawizi, na hapo chembe chembe haziudhi. Hata unga wa dukani ulipanda bei pale kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia mwaka 2024. Kwa hiyo aliyepata mbegu nzuri kwa ndugu yake asizidharau, azinywe tu.

Kitamu cha chokoleti ninachowaombea mkijaribu ni kile Wabrazili wanachokiita brigadeiro. Hakitaki oveni, kipimajoto wala baridi. Kinataka maziwa mazito yenye sukari, kopo moja, lakini nchi hii maziwa tunayo, upande wa Mbarara na Kiruhura yanamwagika, kwa hiyo mimi hupika mwenyewe: lita moja ya maziwa freshi na kikombe kimoja cha sukari kwenye sufuria pana, moto mdogo, yachemke polepole yapungue mpaka yabaki kikombe kimoja na nusu. Chukua haya, tia vijiko vitatu vya chakula vya kakao iliyochekechwa, kijiko kimoja cha siagi na chumvi ya kubana kwa vidole, urudishe kwenye moto mdogo, ukoroge bila kuacha kwa mwiko wa mti. Mwanzo ni kama chai nzito. Halafu inaanza kuvuta, mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka kwa sauti. Buruta mwiko katikati ya sufuria: kitako kikionekana na njia ikichelewa kufunga, imeiva. Imwage kwenye sahani iliyopakwa siagi. Ikishapoa, paka viganja siagi, viringisha vidonge vya ukubwa wa karanga mbili, ugaragaze kwenye simsim, yaani ufuta, iliyokaangwa. Wabrazili hutumia chembe za chokoleti. Simsim ya kutoka kaskazini ni bora mara mbili, kwa kuwa ule uchungu wake mdogo unaukata utamu.

Kashata ya karanga nayo inapokea kakao vizuri, kwa sharti moja: kakao uichanganye kwanza na karanga kavu zilizokaangwa, la sivyo inafanya madonge kwenye shira. Vikombe viwili vya karanga kwa kimoja cha sukari, nusu kikombe cha maji na vijiko viwili vya kakao. Kama kitabu chako kinasema shira ifike nyuzi 121, hapa kwetu punguza nyuzi nne hivi, kwa sababu ya ule mwinuko. Au achana na kipimo kabisa, udondoshe tone kwenye kikombe cha maji baridi: likiwa kidonge kinachokubali kubonyezwa kwa shida, mwaga karanga, tandaza haraka, kata kabla haijapoa. Kipimo cha kikombe hakidanganyi Mombasa wala Kabale.

Kuhusu mkate sina mengi. Makaa ya kuokea mkate mmoja yanakaribia bei ya mkate wenyewe, na wa dukani ni laini kuliko wangu. Mkate wa kumimina ni habari nyingine, huo hauuzwi popote ninapopajua, hivyo pika.

Mmeuliza pia kinachofaa kubebwa safarini. Kashata na vidonge vya simsim vinafika Kampala kwa taksi bila kuharibika, hata ukikalia kiti cha juani. Keki ya bogoya iache kwenye bati lake uifunike kwa kitambaa, na hukatika vizuri zaidi siku ya pili. Ila vidonge hivyo viliwe ndani ya siku tatu kama huna friji.

Msomaji wenu,
Tororo