Ukiitwa Huku Umeshika Bomba la Sindano

Muuguzi akisimama tu kwenye troli ya dawa, ndipo kila mtu anapomkumbuka. Ndugu anauliza majibu ya vipimo, daktari anataka faili, simu inaita. Utafiti wa Australia wa mwaka 2010 ulifuatilia utoaji wa dawa zaidi ya mara 4,000. Zaidi ya nusu ya mara hizo wauguzi walikatizwa, na kila kukatizwa kuliambatana na ongezeko la makosa la asilimia 12 hivi.

Pabaya kuliko pote ni kati ya kuvuta dawa na kuichoma. Chukua magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya mshipa ni gramu 4, ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 20. Kwa ampuli za asilimia 50, unavuta mililita 8 za dawa na 12 za maji ya sindano, kisha unasukuma polepole, si chini ya dakika 5. Sasa umevuta zile 8, ukaitwa. Ukirudi, bomba lina kimiminika kisicho na rangi, na maji nayo hayana rangi. Mwenzako akikuta bomba hilo akalisukuma haraka akidhani liko tayari, mama anaweza kuacha kupumua.

Kwa hiyo bomba lisilo na lebo linatupwa. Najua dawa ni haba, lakini hapa hakuna kukisia. Kipande cha plasta kinatosha: jina la dawa, gramu, asilimia, saa, jina la mgonjwa. Kibandike kabla hujageuza shingo.

Kabla ya kuanza, kusanya kila kitu, pamoja na kalsiamu glukoneti gramu 1 ya kuokolea pumzi zikipungua. Simu mwachie mwenzako wa zamu. Ndugu akija, mwambie, “Mama, nipe dakika kumi, nikimaliza dawa nakuja.” Wengi huelewa. Fulana za “usinikatize” zimejaribiwa Australia, na wauguzi walilalamikia joto lake. Maneno ya heshima hayana joto.

Mgonjwa mwingine akipata degedege au akitoka damu, acha yote ukimbie. Ukirudi, anza upya kwenye kadi ya dawa. Mwambie mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, maana ukimuuliza “Wewe ni Asha?” aliye usingizini huitikia tu.

Saini baada ya kutoa, kamwe si kabla. Lakini ukiondoka bila kusaini, zamu inayoingia itarudia dozi ileile. Anayekuita asubiri sekunde hizo.