Wasomaji Wauliza: Irma Stern na Fremu za Zanzibar

SWALI

Mhariri, shikamoo. Mimi ni fundi seremala wa Ngamiani, Tanga, na kazi ya nakshi niliirithi kwa marehemu babu. Juzi mteja alinionyesha katika simu picha iliyochorwa kwa rangi nzito, nayo imezungushiwa fremu ya mbao pana yenye nakshi zilezile ninazozikarabati kwenye miimo ya milango. Aliniambia kuwa mchoraji ni mama wa Kiyahudi aitwaye Irma Stern, na kwamba picha zake huuzwa kwa fedha nyingi. Anataka nikate mwimo wa mlango wa zamani alioununua kwenye nyumba iliyobomolewa, nimtengenezee fremu kama hiyo, aipeleke Ulaya. Mama huyo alikuwa nani, na je, niikubali kazi hii?

Fundi wa nakshi, Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba, fundi. Irma Stern alizaliwa mwaka 1894 huko Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Transvaal, Afrika Kusini, na wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ujerumani. Katika vita vya Waingereza na Makaburu baba yake alitiwa kizuizini, na baadaye familia ikahamia Ujerumani, ambako binti alisomea uchoraji Weimar na Berlin. Mwaka 1916, watu wakiwa katika dhiki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alimchora mtoto wa kike aliyemwona kwenye tramu, amekonda, macho yamemtoka. Mwalimu wake hakuipenda picha hiyo, naye akaamua kuachana na mwalimu kuliko kuiacha picha. Aliyemshika mkono baada ya hapo ni Max Pechstein, mmoja wa wachoraji wa Kijerumani walioona kuwa rangi kali na mstari mzito hueleza moyo wa mtu kuliko kunakili sura yake kama ilivyo. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Berlin mwaka 1919.

Mwaka uliofuata alirejea Cape Town, na mji haukumpokea vizuri. Alipotundika picha zake huko mwaka 1922 wakosoaji walizikejeli, na malalamiko kwamba zinavunja maadili yakafika hadi kwa polisi. Ilichukua miaka mingi ya kuchora bila kurudi nyuma ndipo nchi yake ikamkubali kuwa miongoni mwa wachoraji wake wakubwa.

Kuja kwake upande wetu kunahusiana moja kwa moja na Uyahudi wake. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Stern alikataa kwenda Ujerumani na kuonyesha kazi zake huko, msimamo alioushika mpaka mwaka 1945, ingawa ndiko alikojifunzia ufundi na kupatia jina. Mlango wa Ulaya ulipofungwa, akaigeukia Afrika: alikwenda Dakar, Kongo, na Zanzibar mara mbili, mwaka 1939 na mwaka 1945. Kwa maoni yangu safari hizi mbili za Zanzibar ndizo zilizozaa kazi zake bora kuliko zote. Mwaka 1948 alichapisha kitabu kuhusu kisiwa hicho, chenye maneno na michoro yake mwenyewe. Mojawapo ya picha za mwaka 1945 iliuzwa kwa mnada London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Sasa nije kwenye fremu. Picha nyingi alizochora Zanzibar alizitia kwenye fremu za mbao za nakshi kutoka hukohuko, na leo minadani huitwa kwa jina hilohilo, fremu za Zanzibar. Wewe ukiishika moja utaisoma vizuri kuliko dalali yeyote. Tazama pembe zake: kama nakshi ya ua la yungiyungi imekatwa nusu pale mbao mbili zinapokutana, ubao huo ulichongwa kwa kazi nyingine kabla haujawa fremu; lakini kama nakshi ya mnyororo inageuka pamoja na kona bila pete kukatika, basi fundi aliuchonga akijua utazunguka picha. Pitisha kidole ndani ya mchongo utaona patasi ilipozama na ilipoinuka. Huo ni mkono wa mtu, na inaniuma kwamba jina la mchoraji limeandikwa kila mahali ilhali la fundi halitajwi, wakati nusu ya uzuri unaoonekana ukutani umetoka kwake.

Kuhusu ombi la mteja wako, jibu langu ni usiikubali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kuukata vipande hakuufanyi kuwa kitu kingine. Mshauri mteja aende kwanza Idara ya Mambo ya Kale ili umri wa mlango ujulikane. Kama anataka fremu, mchongee mpya kwa mbao ya mvule au mfenesi, umtoze bei inayolingana na siku zako, na nyuma yake uandike jina lako, Tanga, na mwaka.

SWALI

Mhariri, nimesikia kwamba picha moja ya Irma Stern ilisaidia kesi ya Mandela. Je, ni kweli? Na watu aliowachora Zanzibar wanajulikana?

Mwalimu wa sanaa, Chumbageni, Tanga

JIBU

Ni kweli, mwalimu. Picha yake ya mwaka 1939 ya Mwarabu aliyevaa nguo nyeusi ilitolewa na aliyekuwa akiimiliki iuzwe ili kuchangia gharama za utetezi wa Mandela na wenzake walioshtakiwa kwa uhaini. Miaka mingi baadaye ilikutwa katika nyumba moja London, imetundikwa jikoni na kubandikwa barua na karatasi za bili, kisha ikauzwa mnadani mwaka 2015. Stern mwenyewe alifariki mwaka 1966, na nyumba yake ya Cape Town ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1971.

Swali lako la pili ni zito zaidi. Picha hizo zina majina kama Padri wa Kiarabu na Msichana wa Kibohora, yaani kabila na cheo tu, tena cheo chenyewe kimekosewa, kwa kuwa kila mtoto wa chuoni anajua kwamba Uislamu hauna padri. Mchoraji aliyejua uchungu wa watu wake kuhesabiwa kwa kabila alipaswa kuandika majina yao. Msomaji wa Tanga, Pangani au Pemba aliyewahi kumsikia mzee wake akisimulia kuwa aliketi Unguja mbele ya mwanamke wa kizungu mwenye brashi, kati ya mwaka 1939 na 1945, tafadhali atuandikie.