Mwanangu hataki kwenda kwenye kumbukumbu ya baba yake

Shangazi, mume wangu alikuwa askari polisi, akapigwa risasi na kufariki akiwa kazini. Kila mwaka jeshi lake humkumbuka pamoja na wenzake kwa gwaride, milio ya bunduki na kusomwa kwa majina. Mwaka huu mtoto wetu wa miaka tisa amekataa katakata kwenda. Wakwe zangu wanasema kumwacha nyumbani ni kumdharau marehemu. Je, nimlazimishe? – Mjane

Pole sana, mwanangu. Usimlazimishe. Mtoto ambaye baba yake aliuawa kwa risasi hawezi kuusikia mlio wa bunduki za heshima kama tunavyousikia sisi, na huenda kinachomtisha ni milio hiyo, wala si kumbukumbu yenyewe. Muulize taratibu, mkiwa wawili tu, ni sehemu ipi inayomuumiza. Akikuambia ni milio, nendeni siku nyingine, aweke ua mahali palipoandikwa jina la baba yake, kisha mrudi.

Sherehe hizi nazithamini kwa dhati. India huwakumbuka polisi wake kila tarehe 21 Oktoba, siku ambayo mwaka 1959 polisi 10 waliuawa huko Ladakh wakilinda mpaka. Marekani hufanya hivyo tarehe 15 Mei, na jijini Washington zipo kuta zilizochongwa majina ya polisi waliokufa kazini, ambako jamaa huweka karatasi juu ya jina la mtu wao na kuisugua kwa penseli mpaka herufi zijitokeze, wakaondoka nalo. Kitendo hicho hunigusa kuliko gwaride lolote, kwa kuwa hapo mfiwa humtoa wa kwake katika orodha ya wengi. Jeshi linamkumbuka askari, lakini mwanao anamtafuta baba, na cheo pamoja na namba ya utumishi havimwambii chochote juu yake.

Kwa hiyo waombe aliokuwa akipangwa nao zamu wamsimulie mtoto: baba yake alicheka kwa jambo gani, alizungumzaje na mtu mwenye hofu, alimtajaje mwanawe wakiwa doria usiku. Warekodi sauti zao mapema, kwa maana askari huhamishwa na wengine hustaafu. Kuhusu kifo chenyewe, mweleze kwa maneno ya umri wake kwamba baba aliuawa. Usimwambie kuwa amesafiri au amelala, kwani atakuja kuusikia ukweli kwa watoto wenzake.

Wakwe zako nao wamezika mtoto wao, na ukali wao unatokana na uchungu. Nenda wewe kwenye gwaride, uketi nao, na umwombe mama mkwe amsimulie mjukuu wake utoto wa baba yake, jambo ambalo hakuna mwingine awezaye kulifanya. Mwakani muulize mtoto tena kama angependa kwenda, na jibu lake ulipokee.