Bi harusi na piko iliyomtoa malengelenge

Mwanangu, umeuliza ukatae kuchorwa piko mikononi siku ya harusi au uvumilie, maana Idi iliyopita mkono ulikuwasha ukatoka malengelenge, na mawifi wanasema unajitia uzungu. Kataa.

Hina ni majani. Rangi yake ni wekundu wa kahawia, tena inataka ulale nayo. Piko ile nyeusi tii, inayoshika upesi, ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Mwili ukishaikataa mara moja hausahau. Mimi nna alama ya ua mgongoni mwa kiganja mpaka leo, jani kwa jani, kama limepigwa pasi. Na nilipokuja kutia nywele rangi, uso ulivimba hata macho yakafumba.

Wapo wengi wanaopaka wasidhurike. Sina ugomvi nao, mikono yao. Huu wako. Mwambie somo wako, yaani kungwi wako, mapema akukorogee hina tupu kwa ndimu, uilaze usiku kucha. Kesho yake huzidi kukoza. Mawifi watanuna kidogo, kisha biriani itawasahaulisha.