Kwa nini vipande vya kiazi hutoa majibu yanayopingana katika jaribio la osmosisi

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba vipande vya kiazi vilivyowekwa katika mmumunyo mmoja wa sukari vingine viliongezeka uzito na vingine vikapungua. Umeeleza pia kwamba mwanafunzi mmoja alidai kuwa katika kipande kisichobadilika uzito maji yamesimama, kisha ukauliza kama mfuko wa selulosi na fuwele ya pamanganeti (chumvi yenye rangi ya zambarau) ndani ya bika la maji vinatosha kuonesha yanayotokea kwenye utando wa seli. Nimefundisha majaribio haya kwa muda mrefu, na naamini maswali yako yote yana mzizi mmoja: tunawaonesha wanafunzi badiliko bila kuwaonesha kwanza ni kitu gani kinacholileta.

Nianze na vipande vinavyopingana, kwa kuwa hapo ndipo darasa hukata tamaa. Tone moja la maji lina uzito wa takriban gramu 0.05. Kipande cha gramu 2 kikibeba tone hilo juu yake wakati wa kupimwa, uzito wake umeongezeka kwa asilimia 2.5 bila osmosisi yoyote (yaani maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye sukari au chumvi nyingi zaidi), na katika mmumunyo ambao badiliko halisi ni upungufu wa asilimia moja au mbili, tone hilo linatosha kugeuza kupungua kuwa kuongezeka. Ukimtazama mwanafunzi kwa karibu utaona kwamba kipande cha kwanza amekiviringisha vizuri kwenye karatasi ya kunyonya maji, cha pili amekigusisha upande mmoja tu, na cha tatu amekibana kwa vidole hadi utomvu ukatoka. Kwa hiyo darasa zima likubaliane namna moja ya kukausha, yaani kuviringisha kipande taratibu pande zote pamoja na ncha zake bila kukikamua, na namna hiyo ifuatwe kabla ya kukitumbukiza na baada ya kukitoa. Vipande vyote vitoke katika kiazi kimoja kila inapowezekana, maana viazi viwili havina kiasi sawa cha sukari na chumvi ndani ya seli zao, na visiwe na ganda, kwa kuwa seli za ganda zina nta inayozuia maji. Mabadiliko yaandikwe kwa asilimia ya uzito wa mwanzo, kwani vipande havilingani hata vikikatwa kwa uangalifu. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba wanaotumia chumvi wasilinganishe moja kwa moja matokeo yao na ya wanaotumia sukari: chumvi ya mezani ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni mbili, hivyo moli 0.5 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) za chumvi katika lita moja huvuta maji karibu sawa na moli 1 ya sukari.

Dai la mwanafunzi wako kwamba maji yamesimama linastahili muda wa kutosha. Molekuli za maji hazitulii hata mara moja. Hupita katika utando kwenda ndani na kutoka nje wakati wote, na tunachokipima kwa mizani ni tofauti tu kati ya zinazoingia na zinazotoka. Wanafunzi wakichora grafu ya asilimia ya badiliko dhidi ya ukolezi wa sukari, mstari hukata sifuri mahali fulani, na kwa kiazi mara nyingi ni kati ya moli 0.2 na 0.3 za sukrosi kwa lita. Hapo wingi wa molekuli zinazoingia hulingana na wingi wa zinazotoka. Ningependa pia tuache kuwaambia kwamba maji huhama mpaka ukolezi ulingane pande zote mbili. Kipande kilichowekwa katika maji yaliyotoneshwa hakiwezi kufikia hali hiyo kamwe, kwa sababu nje hakuna sukari wala chumvi ya kulinganishwa na iliyo ndani. Kinachokomesha ongezeko ni ukuta wa seli, ambao hutanuka kidogo kisha huyasukumia nyuma maji yanayoingia, hadi msukumo huo usawazishe mvuto wa osmosisi. Ndiyo maana kipande hicho huwa kigumu na hukatika ghafla ukikikunja, ilhali kilichokaa katika sukari nyingi hujikunja kama kamba.

Sasa, ni nani aliyethibitisha kwamba utando ndio unaofanya kazi hiyo, na si nyuzi za kiazi zinazonyonya maji? Jaribio la kawaida halisemi lolote kuhusu hilo, na hapa ndipo ninapokusihi uongeze bitiruti. Kata vipande vidogo, vioshe kwa maji baridi mpaka maji ya kuoshea yasichukue tena rangi (seli zilizokatwa kwa kisu humwaga rangi yake, nayo haihusiani na swali letu), kisha weka baadhi katika maji ya kawaida na vingine uvichemshe kwanza kwa dakika chache. Vipande vibichi huacha maji yakiwa karibu meupe, na vilivyochemshwa huyafanya kuwa mekundu. Kuta za selulosi bado zimesimama katika vyote viwili. Kilichoharibiwa na joto ni utando unaozunguka seli na ule wa vakuoli (kifuko cha utomvu ndani ya seli), mahali rangi ilipohifadhiwa. Baada ya kuliona hili, mwanafunzi hahitaji kuaminishwa kwamba utando upo.

Mfuko wa selulosi nao una nafasi yake, mradi tuseme wazi unawakilisha nini. Weka wanga ndani na iodini nje: rangi ya buluu nyeusi hutokea ndani tu, kwa kuwa molekuli za iodini hupita kwenye vitundu na zile za wanga ni kubwa mno. Mfuko huo huchuja kwa ukubwa peke yake. Utando wa seli ni tabaka mbili za fosfolipidi (molekuli za jamii ya mafuta) zenye protini ndani yake, na glukosi ambayo hupenya mfuko bila shida huhitaji protini za kuibeba ili ivuke utando ulio hai. Hata maji, katika seli nyingi, hupita zaidi kwenye njia maalumu za protini ziitwazo akwaporini, ambazo Peter Agre alizitambua mwaka 1992 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Hata hivyo sioni sababu ya kuutupa mfuko. Osmosisi yenyewe haihitaji uhai. Jean-Antoine Nollet aliiona mwaka 1748 kwa kutumia kibofu cha nguruwe kilichotenganisha pombe na maji. Kuhusu yai lililoondolewa ganda kwa siki, nalo ni zuri kwa maonesho, lakini ngozi inayobaki imeundwa kwa nyuzi za protini, kwa hiyo lisiitwe seli iliyo uchi.

Fuwele ya pamanganeti ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Rangi inayoenea bikani kwa dakika chache huchukuliwa kwa sehemu kubwa na mikondo ya maji, kwa sababu difusheni (chembe kuenea zenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache) peke yake ni ya polepole sana katika umbali unaoonekana kwa macho. Muda wake huongezeka kwa mraba wa umbali: molekuli ndogo huvuka mikromita 10, yaani upana wa seli, kwa sehemu ndogo ya sekunde, na huhitaji saa nyingi kuvuka sentimita moja. Tumia aga (jeli itokanayo na mwani) badala ya maji, kwa kuwa ndani yake hakuna mikondo. Changanya aga na alkali kidogo na fenolfthaleini (kiashiria chenye rangi ya waridi katika alkali na kisicho na rangi katika asidi) ili iwe ya waridi, ikate michemraba ya sentimita 1, 2 na 3, kisha uitumbukize yote kwa pamoja katika asidi hafifu. Baada ya dakika kumi waikate katikati na kupima kwa rula upana wa ukanda uliopoteza rangi. Watakuta ukanda huo unakaribiana katika michemraba yote mitatu, wakati kiini cha waridi kilichobaki ni kidogo sana katika mchemraba wa kwanza kikilinganishwa na wa tatu, na hapo swali la kwa nini seli hazikui hadi ukubwa wa kiazi litatoka kwao wenyewe.