Jibu: Ukiambiwa uchague toleo moja tu la katuni?
Umeuliza toleo moja, si mfululizo mzima. Langu ni The Amazing Spider-Man namba 121, Juni 1973: hadithi ya Gerry Conway, michoro ya Gil Kane. Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, anaangushwa kutoka darajani, Spider-Man anamnasa kwa utando, unashusha pumzi. Sasa tazama karibu na shingo yake: kijineno kidogo, “SNAP!”, sauti ya kitu kuvunjika. Na kichwa cha hadithi, kinachotaja kifo chake, kimefichwa hadi ukurasa wa mwisho, ujanja huo!

Hapa Mji wa Kale tumebishana barazani mpaka kahawa ikapoa: Gwen kauawa na Green Goblin, yule adui aliyemwangusha, au na ule utando? Mimi nasema utando, na wahariri baadaye walisema hivyohivyo. Nakala ya asili ni ghali, bwana. Tafuta iliyochapishwa upya.