Makundi Saba ya Walimu Simuni, na Bado Sijifunzi Kitu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha Hisabati Darasa la Tano katika shule ya msingi iliyo mbali na makao makuu ya wilaya, na katika somo hili nimebaki peke yangu, kwa kuwa mwenzangu tuliyekuwa tukigawana vipindi alihamishwa. Nilishauriwa nijiunge na walimu wengine mtandaoni ili nijiendeleze. Sasa nimo katika makundi saba ya WhatsApp na Telegram. Kutwa napokea salamu zenye picha za maua, matangazo ya watu wanaotafuta wa kubadilishana nao vituo vya kazi, maandalio ya somo yanayouzwa na uvumi kuhusu kupandishwa madaraja. Bando linakwisha, na darasani nafundisha vilevile nilivyokuwa nikifundisha. Je, tatizo ni mimi au ni makundi? *Mwalimu wa Darasa la Tano, Kigoma.*

Jibu: Marahaba, mwalimu. Wewe huna tatizo, na makundi hayo nayo yanafanya kazi yaliyoundiwa, yaani kusambaza habari haraka kwa watu wengi. Kundi moja la WhatsApp linaweza kuchukua hadi watu 1,024, na la Telegram linaweza kuchukua maelfu kwa maelfu. Ni ubao wa matangazo, na ubao wa matangazo una faida yake. Lakini mwalimu aliyekwama hawezi kusimama mbele ya umati huo, ambamo huenda yumo mwalimu mkuu wake na afisa elimu kata, akasema kwamba wiki nzima amefundisha kujumlisha sehemu na nusu ya darasa haijaelewa. Ataogopa kuonekana hajui somo lake. Atakaa kimya, au ataomba "material", kwa sababu kuomba material hakumwaibishi mtu.

Ndiyo maana biashara ya maandalio imeshamiri, hasa tangu mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa Januari 2024 na walimu wakajikuta wanahitaji maazimio ya kazi na maandalio mapya kwa mpigo. Sioni ubaya wa kuazima andalio la mwenzako, kwani walimu tumeazimana tangu enzi za karatasi. Hata hivyo, andalio linakueleza kile ambacho mwenzako alikusudia kufundisha, wala halikuelezi wanafunzi wake walijibu nini, walikosea wapi, na yeye alifanya nini baada ya hapo. Hayo matatu ndiyo yanayombadilisha mwalimu, nayo hayauzwi.

Ushauri wangu ni kwamba unyamazishe milio ya makundi hayo saba, uzime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe ili bando lipumue, kisha uunde duara dogo la watu watano au sita wanaofundisha somo lako na darasa lako. Utawapata humohumo katika makundi makubwa ikiwa utasoma kwa jicho la kuchagua: mtafute yule ambaye mtu akiuliza jambo la darasani hujibu kwa kueleza alivyofanya yeye, hata kama ameandika mistari mitatu tu. Mwandikie pembeni, jitambulishe jina na somo, mwombe ushauri juu ya jambo moja. Watafute pia uliosoma nao chuoni, na wale uliokaa nao katika MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Ni bora wawe wa shule na wilaya mbalimbali, kwa sababu wasiokuwa na bosi mmoja huambiana ukweli kwa urahisi zaidi.

Duara hilo litaishi au kufa kwa aina ya maswali yanayoulizwa ndani yake. Tazama ujumbe huu: "Wadau, naombeni mbinu za kufundishia sehemu." Hakuna atakayeujibu kwa maana, kwa kuwa haujasema chochote. Sasa ulinganishe na huu: "Wanafunzi wangu wakijumlisha theluthi moja na robo moja wanaandika 2/7. Wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Nimewaonyesha njia ya kutafuta asili inayolingana, wanaifuata siku hiyo, kesho yake wanarudi kwenye 2/7. Nyinyi mmefanyaje?" Hapa mwenzako anaona kosa lenyewe, anajua ulichokwisha kujaribu, na ana mahali pa kushika.

Mmoja anaweza kukushauri uache kanuni kwa siku moja na uwape watoto swali la nusu kujumlisha nusu. Kwa njia yao watapata 2/4, ambayo ni nusu ileile waliyoanza nayo, na kila mtoto aliyewahi kugawana chungwa anajua kwamba nusu mbili ni zima. Mwingine atakuambia uchore mstatili wenye miraba 12, safu wima tatu na safu mlalo nne. Safu wima moja ni theluthi, nayo ina miraba minne. Safu mlalo moja ni robo, nayo ina miraba mitatu. Hesabu minne na mitatu kando kando, mraba ambapo safu zinakutana ukiuhesabu mara mbili, na 7/12 inaonekana kwa macho kabla hujataja neno asili. Wa tatu atataka kujua kama watoto wanaweza kulinganisha 2/7 na 1/3, kwa sababu wangeona kwamba jibu lao ni dogo kuliko sehemu mojawapo waliyoijumlisha, wangelitilia shaka wenyewe. Kwa hiyo una mambo matatu ya kujaribu, yote kwa chaki na ubao.

Baada ya kujaribu, rudi useme kilichotokea. Mtu akishauri mara mbili bila kuambiwa kama ushauri wake umefaa, mara ya tatu hatajibu, na hapo duara linageuka kuwa kundi la nane la salamu za asubuhi. Mrejesho wa "nilijaribu mstatili, 15 wameelewa, waliobaki bado wanachanganya safu wima na safu mlalo" unawafaa wenzako kuliko shukrani ndefu.

Mkihitaji vitu vya kusoma pamoja, anzeni na vya bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada pamoja na mfumo wa kujifunzia unaotumika katika MEWAKA. Mradi wa TESSA, wa mafunzo ya walimu barani Afrika, ulioanza mwaka 2005 chini ya Open University ya Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, una moduli za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa, kunakiliwa na kurekebishwa. Mmoja wenu aliye karibu na mtandao mzuri apakue, awatumie wengine faili dogo lenye sura mnayoihitaji, si kitabu kizima.

Swali: Mwalimu, katika duara letu tumezoea kutumiana picha za madaftari na za wanafunzi wakiwa kwenye vikundi. Mwenzetu mmoja amesema tunavunja sheria. Je, ni kweli? *Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro.*

Jibu: Mwenzenu ana hoja, na ni vizuri mkamsikiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Picha ya kazi ya mwanafunzi inatosha kwa mjadala wenu: kunja jalada, ziba jina na namba kwa karatasi, piga picha ukurasa wenye kosa peke yake. Sura ya mtoto haihitajiki ili mtu aelewe kwa nini ameandika "wanacheza" mahali pa "anacheza". Mkitaka kuonyesha kazi za vikundi, pigeni picha mikono na vifaa mezani. Video za kuchekea majibu ya watoto, ambazo baadhi ya walimu huzirusha mitandaoni ili zisambae, sizitetei hata kidogo. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima na video itakuwa bado ipo.

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu. Walimu wangu wawili wanaomba wasihudhurie Jumuiya ya Kujifunza, yaani vikao vya walimu vya kujadili ufundishaji hapa shuleni, kwa madai kwamba wanajifunza mtandaoni na wenzao wa mikoa mingine. Niwaruhusu? *Mwalimu Mkuu, Tanga.*

Jibu: Usiwaruhusu, lakini usiwagombeze. Wenzao wa mikoani hawawezi kuketi nyuma ya darasa lao kwa dakika 40 na kuona kwamba maswali yote yanaelekezwa kwenye dawati la mbele, ilhali mwalimu wa chumba cha pili anaweza. Kwa upande mwingine, shule yenye mwalimu mmoja wa somo haina wa kumjibu katika maudhui, na hapo ndipo hao wa mbali wanapofaa.

Waombe hao wawili walete katika kikao kijacho swali moja walilouliza huko na majibu waliyoyapata, wayajaribu darasani mwenzao akiwatazama, kisha wawaandikie wale wa mbali yaliyotokea. Pia uangalie saa ya kikao chenu. Jumuiya nyingi hukutana saa tisa alasiri, walimu wakiwa wamechoka na wana njaa, zikatumika kusoma waraka kutoka halmashauri. Ikiwa kwenu ni hivyo, hao wawili wanakimbia waraka, nami nisingewalaumu. Peleka matangazo kwenye kundi la shule la WhatsApp, na uwaachie walimu kikao hicho wazungumzie vipindi vyao.